Redio Mbili, Msimu Mmoja wa Ngano

Jumatatu, 24 Mei 2004. Burkburnett, Texas

Nimeanza daftari jipya, kama kila mwaka tunapotoka nyumbani Kansas kuifuata ngano. Kombaini mbili za kuvunia, malori matatu, trela ya kulala na trela yangu ya jiko. Tunaanzia huku Texas kunakoiva mapema, tunapanda nayo kaskazini jimbo kwa jimbo tukivuna mashamba ya watu kwa malipo, na mwezi wa nane tunamalizia Montana karibu na mpaka wa Kanada. Huu ni mwaka wa thelathini na moja. Nilidhani nimekwisha kushtuka vya kutosha katika kazi hii.

Leo Kendall, mwanetu, amemletea baba yake zawadi ya kutimiza miaka sitini na miwili: redio za setilaiti. Tena mbili, za kampuni mbili zinazogombania wateja. Majina yao ni ya kujidai, kwa hiyo mimi naziita Bluu na Nyekundu, kwa rangi ya maboksi yake. Kila moja ni kidude cha kukaa kiganjani. Ukiwa garini unakichomeka garini, ukifika nyumbani unakichomoa na kukichomeka kwenye spika ya mezani. Eti stesheni haipotei hata uendeshe kutoka bahari moja hadi nyingine.

"Miezi mitatu ni ya majaribio," Kendall akasema. "Mwisho wa msimu mnachagua moja, ya gari na ya nyumba. Nyingine inarudi dukani."

"Halafu ile moja tunailipia? Kila mwezi? Redio?"

"Ndiyo, Mama."

"Jamani! Kwani hewa nayo imeanza kuuzwa?"

Orlin, mume wangu, alikuwa na lake. Alikuwa amekishika kile cha Nyekundu karibu kabisa na pua, anakigeuzageuza. Mimi niliduwaa mpaka maharagwe yakaungua.

Alhamisi, 27 Mei

Tumerusha sarafu. Bluu imekaa jikoni kwangu, Nyekundu iko kwenye kombaini ya Orlin. Bluu ina besiboli, kila mechi ya kila timu! Basi kwangu mimi uchaguzi umekwisha.

Jumatano, 2 Juni. Oklahoma

Upepo. Hakuna mvua. Wamekata ngano tangu umande ulipokauka hadi giza.

Jumatano, 9 Juni

Orlin amegonga kioo cha lori kwenye nguzo ya geti. Miaka thelathini na mmoja hajawahi kukwaruza hata rangi. Nilipomuuliza, akasema wenye shamba wamelisogeza geti. Geti la chuma, limemwagiwa zege! Nikamwambia, "Labda lilikuja lenyewe kukusalimia." Hakucheka.

Jumapili, 20 Juni. Nyumbani, Moundridge

Jumapili hatukati. Tumekwenda kanisani, Orlin ameimba nyimbo zote bila kufungua kitabu. Nilimsifu kwa kuzijua kwa moyo.

Jumamosi, 26 Juni. Nebraska

Nimeshtuka leo hadi nikaweka chini kisu cha viazi. Orlin ameingia jikoni, amejimiminia chai ya barafu (nusu glasini, nusu mezani), akasema, "Mama, nimefikiri. Tuchukue zote mbili. Wewe Bluu yako, ibaki na besiboli yako. Mimi Nyekundu yangu."

Mtu huyu ni mkono wa birika tangu tumboni mwa mama yake. Anaosha mifuko ya mkate na kuianika kwenye kamba pamoja na soksi. Leo anataka kulipia redio mbili!

"Una homa?" nikamuuliza.

"Sina homa. Kila mtu abaki na yake, tutaelewana vizuri zaidi."

"Nyekundu ina nini cha ajabu?"

"Bei za ng'ombe."

"Hatuna ng'ombe, Orlin."

Akachukua kofia yake akaenda zake.

Alhamisi, 8 Julai. Dakota Kusini

Barua kutoka kwa mtu wa bima. Orlin akanipa nisome, eti miwani imepotea. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, naiona. Nikaona uzee umemwingia na uvivu juu yake, nikamtolea maneno makali. Kendall akasema, "Mama, mwache." Nikamfokea na yeye.

Hakuna mvua. Joto la kupasua.

Jumatano, 14 Julai

Bado Dakota. Kendall amekuja chakula cha mchana amepauka. Anasema alishuka kuondoa majani yaliyoziba mbele ya mashine yake, na baba yake akapita karibu mno na kombaini yake. "Nadhani alikuwa ananitania," akasema. Orlin hana utani wa namna hiyo. Nimepika mikate yenye nyama na kabichi, hamsini na sita, imeisha yote.

Jumanne, 20 Julai. Montana, kwa akina Lunde

Tumefika kwenye shamba lao. Trela yangu imeegeshwa nyuma ya maghala ya chuma, na Bluu imekufa kabisa. Kendall amenieleza kwamba setilaiti za Bluu zimekaa upande wa kusini, chini, na maghala yako kusini. Za Nyekundu zinapita utosini, kwa hiyo hazijali ghala. Nimesogeza antena hadi juu ya friji, hadi dirishani, nimepanda nayo kwenye ngazi. Hewa tupu! Na leo timu yangu inacheza.

Alikuja Bernadine Unruh. Kikosi cha mumewe kinakata shamba la jirani, tunakutana naye hapa kila mwaka. Akacheka aliponiona juu ya ngazi na antena mkononi.

"Shuka, dada, utavunja nyonga. Mimi nina Nyekundu mbili. Chukua moja mpaka mtakapohama."

"Nyekundu ina nini?"

Akanikonyeza. "Usijifanye hujui. Washa saa nane mchana, chaneli ya madereva. Mzee wako siku hizi ni moto."

Sikumwelewa. Nilidhani joto limempanda kichwani.

Jumatano, 21 Julai

Lazima niandike yote.

Saa nane nilikuwa nakanda unga. Nikawasha. Mtangazaji anaitwa Hollis, ana sauti nzito ya mtu aliyekula akashiba, anapokea simu za madereva wa malori kote nchini. Mmoja alilia kuhusu matairi. Mwingine aliimba. Halafu Hollis akasema, "Haya sasa, mnayemsubiri. Mzee wa Ngano! Leo uko jimbo gani?"

"Montana, Hollis. Ngano imekauka vizuri, upepo unatoka magharibi."

Nilijua kabla hajamaliza neno la kwanza. Nimelala kando ya sauti hiyo miaka thelathini na tisa.

"Na macho, mzee wangu?"

"La kushoto ndiyo basi tena. Limekufa katikati. Nikimwangalia mtu usoni naona masikio tu. Na la kulia limeanza. Nguzo za umeme zinapinda kama zimelewa. Daktari aliniambia tangu Machi kwamba halirudi."

Machi! Machi alikwenda Wichita kung'oa jino. Nilimfungia supu kwenye chupa.

"Sasa unaendeshaje hiyo mashine?"

"Kwa masikio. Ngano ikiingia vizuri inanguruma hivi, nikitoka kwenye mstari inanguruma vingine. Lakini wiki iliyopita huko Dakota nusura nimpitie mwanangu. Alikuwa ameshuka chini. Niliona rangi ya fulana, basi. Hatua tatu hivi zilibaki."

Nilikaa sakafuni, na unga wangu mkononi.

"Mungu wangu," Hollis akasema. "Na mkeo anasemaje?"

"Mke wangu anajua kila kitu. Yule mwanamke ni chuma. Kaniambia, Orlin... kaniambia, mzee, maliza msimu wako, mimi niko nyuma yako."

Hivyo ndivyo alivyosema, mbele ya nchi nzima. Kumbe ndani ya redio kuna mke mwingine, na mke huyo ni mimi. Ana moyo mzuri kuliko mimi, hafokei mtu kwa miwani, na amempa ruhusa ya kuua. Simu zikaanza kumiminika. Tennessee, Ohio, Oregon. "Komaa, Mzee wa Ngano!" "Usikubali wakushushe!" "Mpe mama salamu zetu!" Watu wazima, wenye leseni za udereva!

Jioni nilipeleka chakula shambani. Wamekaa kwenye kivuli cha lori wanakula. Nilimwuliza, "Leo umesikiliza nini huko juu?"

"Bei za ng'ombe."

"Zimepanda?"

"Kidogo."

Hakusita hata nukta moja. Niliolewa na mtu huyu nikiwa na miaka kumi na tisa, na nimemwona akirudi dukani maili sita kwa sababu walimzidishia chenji.

Alhamisi, 22 Julai

Nilimfuata Bernadine kwenye jiko lake. Sikusalimu.

"Nani anajua?"

Akafikiri nauliza kitu kingine. "Anajua nini?"

"Macho ya Orlin."

"Sisi sote, Marlys. Vikosi vyote vina Nyekundu. Tangu Oklahoma tunamsikiliza." Akaniangalia vizuri, mwiko ukamtoka mkononi. "Wewe... ulikuwa hujui?"

"Niko na Bluu! Nasikiliza besiboli!"

"Lakini alisema umemruhusu. Tulidhani unamfunika. Mimi kila mchana nawaambia wenzangu, yule Marlys ni jasiri, mimi nisingeweza."

"Na mliona ni sawa? Kendall anashuka mbele ya ile mashine kila siku!"

"Hatuingilii nyumba ya mtu," akasema, na machozi yakamlengalenga. Ni kweli, ndivyo tulivyo. Tutakuletea keki ukifiwa, lakini hatutakuuliza kitu kabla ya msiba. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo, na hilo limenishtua karibu sawa na mengine.

Ijumaa, 23 Julai

Nilimpakia Orlin kwenye gari dogo nikasema tunakwenda mjini kuchukua mkanda wa mashine. Njiani nikasimamisha kando ya barabara.

"Orlin, niangalie. Unaona nini?"

Akajua hapo hapo. Aligeuka taratibu. "Naona nywele zako," akasema. "Na aproni. Katikati hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Uso wako? Tangu Pasaka."

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Nilikuwa na maneno ya kutosha hadi Kanada na kurudi. Nikauliza moja tu.

"Kwa nini yule mtu wa redio na si mimi?"

"Kwa sababu yule hawezi kunishusha kwenye mashine." Akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena. "Wewe ungenishusha siku ile ile. Mimi nikishuka ni nani, Mama? Mzee anayekaa barazani anasubiri kuambiwa nani amepita."

"Ndiyo sababu ulitaka redio mbili. Ili mimi nisisikie."

"Ndiyo."

"Mkono wa birika wewe. Ulikuwa tayari kulipa."

Akacheka kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Halafu akaniomba siku nne. Shamba la Lunde ni siku nne, likiisha atampa Kendall funguo, basi, hatapanda tena. Ila Kendall asiambiwe mpaka mwisho. Atawasha redio ya mawasiliano, ile tunayoitana nayo kutoka jikoni hadi shambani, muda wote, ataacha nafasi kubwa, hatakaribia mtu.

Nikakubali.

Jumamosi, 24 Julai

Nilimkubalia. Nimeyaandika tena ili niyaone. Yule mke wa redioni nimekuwa mimi.

Hakuna mvua. Nimeomba mvua kama sijawahi kuomba, mimi mke wa mvunaji, katikati ya mavuno.

Jumapili, 25 Julai

Tumepumzika. Siku moja bila hofu.

Jumatatu, 26 Julai

Kendall huwa anakula akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja pembeni ya shamba, na chupa yake ya kahawa miguuni. Leo alinyanyuka kwenda kujisaidia nyuma ya lori. Aliporudi hakukuta kiti. Kombaini ya baba yake ilikuwa imepita hapo. Aliniletea ile chupa jikoni imebanwa bapa, anacheka.

"Mama, ona Mzee alivyofanya kahawa yangu! Hakuniona hata kidogo!"

Nilishika kichwa chake kwa mikono yote miwili, nikakibana. Ana miaka thelathini na minne. Akasema, "Mama, vipi? Ni chupa tu." Akachukua mkate wake, akapanda lori kwenda mjini kushusha ngano.

Nikaita kwenye redio ya mawasiliano. Orlin! Orlin! Kimya. Ameizima, kama kila siku, ili amsikie Hollis, na simu yake ya mkononi haipokei. Nikaendesha hadi shambani, nikashuka, nikavua aproni yangu ya njano nikaipunga juu ya kichwa. Kombaini ikaja moja kwa moja. Nilimwona ndani ya kioo, kofia yake, kidevu chake. Amekaza macho mbele. Akapita hatua kumi kutoka niliposimama, hakugeuza shingo. Nilibaki nimefunikwa na makapi, aproni mkononi, na nikaelewa kwamba angenipitia na mimi.

Saa nane na robo nilikuwa barazani kwa akina Lunde, na simu yao sikioni. Kijana wa stesheni akasema foleni ni ndefu. Nikamwambia, "Mimi ni mke wa Mzee wa Ngano." Nikaunganishwa kabla sijameza mate.

"Mabibi na mabwana!" Hollis akapiga kelele. "Mama mwenyewe! Mwanamke wa chuma! Mama, nchi nzima inakupenda!"

"Hollis, nyamaza."

Akanyamaza. Nadhani hajawahi kuambiwa.

"Sikumruhusu. Alikudanganyeni. Nilijua Jumatano, kwa kupitia kwako wewe, nikiwa na unga mkononi. Kisha Ijumaa nikamruhusu kweli, siku nne, na hilo ni kosa langu. Leo mchana amepita juu ya kiti cha mwanetu. Kiti kilikuwa bado na joto la mtu. Nanyi mnaompigia makofi, wa Ohio, wa Tennessee, mna wana ninyi? Mngewakalisha pale?"

Kwenye baraza ile unaona shamba zima. Kombaini ilikuwa inakwenda tu, na vumbi lake nyuma.

"Orlin Goering," nikasema. Jina lake kamili, la kwanza na la ukoo, mbele ya watu wote. "Nilisimama mbele yako punde hii, nikapunga aproni, ukanipita. Nilikuwa hatua kumi. Ile rangi ya njano ilikuwa mimi. Zima mashine, baba. Kaa hapo hapo, usishuke peke yako. Ninakuja kukuchukua."

Nikahesabu. Kendall alinieleza zamani kwamba sauti hupanda mbinguni na kurudi, huchelewa kidogo. Moja, mbili, tatu, nne. Mashine bado inakwenda. Tano, sita. Nikasikia Hollis anapumua kwenye simu.

Ikasimama. Katikati ya ngano kavu, anga jeupe, hakuna wingu.

Nilipofika alikuwa amekaa kule juu, mlango wazi, mikono kwenye magoti. "Ulitaja na jina la ukoo," akasema. Nikamwambia ndiyo. Akanyoosha mguu kutafuta ngazi, ukaikosa, nikaushika nikauweka mahali pake.

Jumatano, 28 Julai

Kendall ameambiwa. Hakufoka. Alikwenda nyuma ya maghala akakaa huko muda mrefu, akarudi, akamuuliza baba yake, "Ile ya Dakota haukuwa utani?" Orlin akasema hapana. Kendall akaniuliza mimi, "Na Ijumaa ulijua?" Nikasema ndiyo. Hajaniongelesha tena tangu hapo, na ana haki.

Unruh, mumewe Bernadine, ameleta kombaini yake na dereva kumalizia shamba letu. Hakusema chochote kuhusu malipo.

Jumatatu, 2 Agosti

Kendall ameongea leo. Amesema, "Mama, kahawa ipo?" Ipo, nikamwambia. Akanywa vikombe viwili.

Jumamosi, 7 Agosti. Njiani kurudi, Wyoming

Msimu umekwisha, na majaribio pamoja nao. Bluu imerudi kwenye boksi lake, kwaheri besiboli. Nyekundu tumeilipia ya nyumba tu, Orlin atakaa nayo barazani. Kendall akauliza ya garini je? Nikasema gari sasa naendesha mimi.

Leo tumeendesha maili mia tatu, mimi na Orlin kwenye gari dogo, malori mbele yetu. Hakuna redio. Alifungua mdomo maili ya ishirini, akaufunga. Akafungua tena maili ya sabini, akasema hali ya hewa ni nzuri. Nilimwona anavyohangaika. Mtu huyu alimwambia Hollis kila kitu kwa miezi miwili, na mimi niko sentimita hamsini kutoka kwake hajui aanzie wapi.

Basi nikakohoa, nikatoa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. "Haya, tuna simu nyingine. Ndugu msikilizaji, unapiga kutoka wapi?"

Alicheka kwa pua. Nilidhani yameishia hapo. Tukapita daraja, tukapita kituo cha mafuta.

"Kutoka Wyoming," akasema. "Mara ya kwanza kupiga."

"Karibu. Tunakusikia."

"Niko na mke wangu. Anaendesha vibaya."

"Endelea, ndugu."

Mkono wake ukapapasa kiti hadi ukapata ukingo wa sketi yangu, ukaushika. "Ninaogopa," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata yule jamaa sikumwambia hivyo. Ninaogopa sana, Mama."

Nilimwambia nimesikia, nikaendelea kuendesha.